Singapore 1985–86: mji wa bandari ulipokata akiba ya uzeeni

Chukua slipu ya mshahara ya fundi wa kiwandani Singapore, Desemba 1985. Tuseme analipwa dola 1,000 za kule kwa mwezi, namba ya mviringo ili hesabu isituchoshe. Kabla hajazigusa, dola 250 zimekatwa kwenda Mfuko Mkuu wa Akiba, ambao wenyewe huuita CPF. Mwajiri naye anaongeza 250 kutoka mfukoni mwake. Fundi anabaki na 750 mkononi, kwenye akaunti yake ya mfuko zinaingia 500, na mwajiri kwa jumla ametoa 1,250.

Sasa chukua slipu ya Aprili 1986, fundi yuleyule, kiwanda kilekile. Makato yake ni 250 vilevile. Mkononi ni 750 vilevile. Ukiitupia jicho haraka huoni kilichobadilika. Ila mwajiri sasa anaweka 100 badala ya 250. Gharama yake imeshuka kutoka 1,250 hadi 1,100, punguzo la asilimia 12 kwa usiku mmoja, na akaunti ya fundi inapokea 350 badala ya 500. Dola 150 za uzeeni kila mwezi zimebaki kwa mwenye kiwanda, na hakuna aliyeingia barabarani.

Huku kwetu Singapore hutajwa majukwaani kama mfano wa kututia haya: wakati wa uhuru tulikuwa nao sawa, tazama leo wao wako wapi. Nimeisikia sana simulizi hiyo, na kila nikiisikia naona inaruka kipande ninachokiona kuwa na mafunzo zaidi, yaani mwaka ambao serikali iliyosifika kwa kupanga kila kitu ilikuta uchumi unarudi nyuma kwa mara ya kwanza tangu uhuru, tena kwa sehemu kubwa kutokana na mipango yake yenyewe.

Mji unaoishi kwa mizigo ya watu

Miaka hiyo Singapore ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 620 hivi; Unguja peke yake ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Watu walikuwa kama milioni 2.7. Mafuta hayachimbwi, shamba la kulisha mji halipo, na maji mengi ya kunywa yalivuka kwa bomba kutoka Johor, Malaysia. Kilichokuwepo ni bandari yenye kina, mlangobahari wa Malacca unaopitisha meli kutoka Ghuba kwenda Japani, na watu wanaojua biashara.

Ukijumlisha bidhaa zilizoingia na zilizotoka, ulipata thamani inayokaribia mara tatu ya pato la taifa. Anayeiona hesabu hii kwa mara ya kwanza hudhani mchapaji amekosea. Mchapaji yuko sawa. Mafuta ghafi ya Ghuba yanashushwa kwenye kisiwa cha Bukom, yanasafishwa, yanapakiwa tena melini yakiwa petroli na mafuta ya ndege. Yamehesabiwa yakiingia, yamehesabiwa yakitoka, na kilichobaki nchini ni ujira na faida ya kusafisha tu. Vipuri vya kompyuta ni hivyohivyo: vinafika kwa ndege, vinaunganishwa, vinaondoka kwa ndege.

Nchi ya namna hii inaishi kwa tofauti ndogo iliyopo kati ya bei ya kuingiza na bei ya kutoa, na bei zote mbili hupangwa na watu wengine, mbali. Gharama ambazo serikali inaweza kuzishika kwa mkono wake ni za ndani: mishahara na michango, kodi, pango la viwanja, umeme, ada za bandari. Kisa chote kimekaa hapo.

Njia hiyo waliichagua mapema. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioongozwa na mchumi wa Kiholanzi Albert Winsemius ulifika mwaka 1960 na kushauri viwanda. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Bodi ya Maendeleo ya Uchumi, na vinamasi vya Jurong vikaanza kufukiwa. Agosti 1965 Singapore ikatoka Malaysia, na soko la bara ililolitegemea likaondoka nalo. Januari 1968 Waingereza wakatangaza kuziondoa kambi zao za kijeshi, zilizokuwa zikichangia karibu moja ya tano ya pato. Waziri wa fedha Goh Keng Swee na wenzake wakafanya jambo ambalo nchi nyingi changa za wakati ule zililiona kama usaliti: waliyafungulia mlango makampuni makubwa ya kigeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na ili mgeni asikutane na kelele mlangoni, sheria za kazi za mwaka huohuo wa 1968 ziliviondolea vyama vya wafanyakazi haki ya kujadiliana na mwajiri kuhusu kupandisha vyeo, uhamisho na kuachisha kazi.

Mwaka 1972 likaundwa Baraza la Taifa la Mishahara chini ya Profesa Lim Chong Yah, meza moja wanakokaa serikali, waajiri na vyama, na kila mwaka kutoa pendekezo la nyongeza. Pendekezo lenyewe halikuwa sheria. Lakini serikali ndiyo mwajiri mkubwa kuliko wote, na ikishalifuata, wengine hufuata. Kwa miaka saba baraza lilikazia breki. Mishahara ilipanda taratibu, viwanda vikamiminika, watu wasio na kazi wakapungua, hadi viwanda vyenyewe vikakosa watu na kuanza kuwaleta kutoka nje.

Dawa iliyozidi kipimo

Hapo ndipo mwaka 1979 walipogeuza usukani. Hoja ilikuwa na mantiki nzuri tu: mji mdogo usio na watu wa kutosha hauwezi kuendelea kushona mashati na kuunganisha vitu vya bei rahisi. Mishahara ikiwa juu, anayetegemea kazi ya bei poa ataondoka mwenyewe, na atakayebaki atanunua mashine na kufundisha watu wake. Kwa hiyo badala ya kusubiri soko lipandishe mishahara, serikali kupitia baraza iliipandisha kwa makusudi, miaka mitatu mfululizo. Ukijumlisha nyongeza na michango, mwaka wa kwanza mwajiri aliongezewa mzigo wa karibu asilimia 20. Ukaanzishwa na mfuko wa kuendeleza ujuzi, unaokusanya tozo kwa waajiri wenye wafanyakazi wa kipato cha chini na kuirudisha kama fedha za mafunzo.

Sehemu ya nyongeza hizo haikufika mkononi mwa mfanyakazi. Ilipitishwa kwenye CPF. Mfuko ulianza mwaka 1955 chini ya mkoloni kwa asilimia 5 ya mfanyakazi na 5 ya mwajiri. Kufikia Julai 1984 ulikuwa 25 kwa 25: nusu nzima ya mshahara ikiwekwa akiba kwa lazima. Msomaji wa Tanzania au Kenya mfumo huu anaujua, kwani NPF ya Dar es Salaam ya mwaka 1964 na NSSF ya Nairobi ya mwaka 1965 zilianza kwa muundo wa ukoo huohuo wa Kiingereza: unaweka, mwajiri anaweka, ukistaafu unachukua chako na riba. Tofauti ni ukubwa wa mchango na wingi wa watu waliomo. Halafu Singapore, tangu 1968, mtu aliruhusiwa kutumia akiba hiyo kununulia nyumba ya serikali kabla hajazeeka. Kufikia katikati ya miaka ya themanini zaidi ya watu wanane katika kila kumi walikaa kwenye nyumba hizo, wengi wao wakilipia mkopo moja kwa moja kutoka CPF. Mwaka 1984 akaunti ya matibabu nayo ikawekwa humohumo.

Mpango wa miaka mitatu ulipokwisha, mishahara haikusimama. Ilikuwa imeshazoea kupanda. Kati ya 1979 na 1984 gharama ya kumwajiri mtu ilipanda kwa kasi ya zaidi ya mara mbili ya tija yake. Jirani zake Malaysia na Thailand walikuwa hapo pembeni, na Hong Kong, Taiwan na Korea Kusini walikuwa wakigombea wateja walewale.

Kwa nini hakuna aliyeliona? Nadhani jibu ni saruji. Mapema miaka ya themanini mji wote ulikuwa kiwanja cha ujenzi. Bodi ya nyumba ilijenga kama yenye deni la kulipa kabla ya uchaguzi. Uwanja wa ndege wa Changi ulifunguliwa mwaka 1981, reli ya mjini ilianza kuchimbwa mwaka 1983, na maofisa wa mabenki walikuwa wakigawa mikopo ya hoteli na majengo ya ofisi. Mwaka 1984 uchumi ulikua kwa zaidi ya asilimia 8. Ukiitazama namba hiyo moja, unalala usingizi. Ukiifungua ndani unakuta ujenzi umebeba nyumba nzima mgongoni huku walioanza kuchoka wakiwa viwanda, mafuta na meli.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo kamati ya baadaye ililisema wazi: nchi ilikuwa ikiweka akiba kupita kiasi. Zaidi ya asilimia 40 ya pato ilikuwa akiba. CPF ilivuta nusu ya mshahara, serikali nayo ilikuwa na ziada kwenye bajeti. Maadamu ujenzi ulikuwa unazirudisha fedha hizo mtaani, haikuonekana. Ujenzi uliposimama, fedha ziliingia mfukoni na kubaki hukohuko.

Mwaka wenyewe

Mwaka 1985 mambo yalikuja pamoja. Marekani ilipunguza ununuzi wa vifaa vya kompyuta baada ya viwanda kuzalisha kupita mahitaji, na Singapore ilikuwa imeanza kuwa karakana ya diski za kompyuta tangu Seagate ifike mwaka 1982. Indonesia ilikuwa imepanua viwanda vyake vya kusafishia mafuta, kwa hiyo ghafi iliyokuwa ikiletwa Singapore ikabaki nyumbani. Bei ya mafuta ilivyoyumba, aliyetaka kuagiza jukwaa jipya la kuchimbia baharini hakuwepo, na karakana za meli zikabaki na vyuma mkononi. Malaysia nayo, mteja wa jirani, iliumia kwa bei za mazao na madini. Ujenzi, ule uliokuwa umebeba wengine, ukaanguka. Nyumba zilikuwa zimezidi, ofisi zimezidi, vyumba vya hoteli vimezidi. Mwaka 1986, katikati ya ukame huo, Westin Stamford ya ghorofa 73 ikafungua milango ikiwa hoteli ndefu kuliko zote duniani. Wakati mwingine uchumi una dhihaka zake.

Kwa hesabu za wakati ule pato lilisinyaa kwa kati ya asilimia 1 na 2. Namba hiyo kwetu inaweza kuonekana ndogo, lakini watu waliokuwa wamezoea 8 waliisikia kama gari lililogonga ukuta. Ajira zilipotea kwa makumi ya maelfu. Wengi waliotangulia kutoka walikuwa wafanyakazi wa nje, hasa Wamalaysia, waliorudi kwao na kuacha takwimu za Singapore zikionekana nzuri kuliko hali ilivyokuwa. Hata hivyo mwaka 1986 wasio na kazi walifikia asilimia 6.5.

Kana kwamba hayo hayatoshi, mwisho wa Novemba 1985 kampuni ya Pan-Electric, iliyojihusisha na kuopoa meli, hoteli na viwanja, ilishindwa kulipa madeni. Tatizo halikuwa kampuni moja. Madalali wa hisa walikuwa wamefunga mikataba ya kununuliana hisa siku za mbele kwa fedha ambazo hawakuwa nazo, na kampuni ilipoanguka ikaonekana kila mmoja amefungwa kamba na mwenzake. Soko la hisa likafungwa siku tatu, kuanzia tarehe 2 Desemba, na la Kuala Lumpur likafungwa nalo. Huo ni mkasa unaostahili uchambuzi wake peke yake. Hapa unatosha kuonyesha hewa ilivyokuwa.

Mapema mwaka huo serikali ilikuwa imeunda Kamati ya Uchumi, na uenyekiti ukakabidhiwa kwa Lee Hsien Loong, Waziri Mdogo wa Biashara na Viwanda, umri miaka 33, aliyetoka jeshini na kuingia bungeni Desemba 1984. Ndiyo, mtoto wa Waziri Mkuu. Ripoti ikatoka Februari 1986, na jambo ninalolipa heshima ndani yake ni kwamba haikujificha nyuma ya Marekani wala bei ya mafuta. Ilisema hali ya nje ilichangia, kisha ikataja ya ndani kwa jina: mishahara iliyopandishwa kwa mapendekezo ya serikali, michango iliyopandishwa na serikali, ada za mashirika ya serikali, akiba iliyopita kiasi kwa sera za serikali. Ni nadra mtoto kuandika ripoti ya namna hiyo kuhusu kazi ya baba.

Kwa nini hawakuigusa sarafu

Mchumi yeyote wa kitabuni angeuliza: kama bidhaa zenu zimekuwa ghali, kwa nini msishushe thamani ya dola yenu? Miezi michache tu baadaye, Juni 1986, Tanzania ya Rais Mwinyi iliishusha shilingi kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola moja ya Marekani, na wenye umri wanakumbuka bei ya vitu ilivyofuata. Singapore ilikataa njia hiyo, na sababu zao zinafaa kufuatwa polepole.

Rudi kwenye mafuta ya Bukom na vipuri vya kompyuta. Sehemu kubwa ya thamani ya bidhaa wanayouza imenunuliwa nje. Ukishusha sarafu kwa asilimia 12, malighafi yako inapanda bei papo hapo kwa fedha ya nyumbani. Unafuu unaoupata uko kwenye kile kipande chembamba cha ujira na pango. Wakati huohuo mchele, mboga, nguo, mafuta ya gari, vyote vinatoka nje, kwa hiyo sokoni bei zinapanda kwa kila mtu. Mfanyakazi akirudi nyumbani na kukuta mia yake hainunui kilichonunuliwa jana, atadai nyongeza, na unafuu wote umekwenda na maji. Kwa nchi yenye mashamba na viwanda vinavyotumia malighafi ya nyumbani hesabu inaweza kuwa tofauti. Kwa mji wa mizigo, hapana.

Mji ulikuwa pia umejijenga kama kituo cha fedha, na tangu 1981 mamlaka yake ya fedha ilikuwa ikitumia thamani ya sarafu, badala ya riba, kuzuia mfumuko wa bei. Septemba 1985 walanguzi wa fedha waliijaribu: waliuza dola ya Singapore kwa wingi wakitarajia itaachiwa ianguke. Mamlaka ikazinunua, dola za kukopeshana kati ya mabenki zikaadimika, riba ya usiku mmoja ikapaa, na waliouza wasichokuwa nacho wakalia.

Ila hoja ninayoiona nzito kuliko zote haitajwi sana. Ukishusha sarafu unakula akiba yote ya nyuma ya kila mtu, miaka yote aliyochangia, bila kumuuliza. Ukikata mchango wa mwajiri, ya nyuma yanabaki salama. Unakata ya mbele peke yake. Kwa nchi ambayo utajiri wa mtu wa kawaida ni nyumba yake na kitabu chake cha CPF, tofauti hiyo ni kubwa mno kisiasa.

Basi wakashusha gharama kwa njia ya slipu ile tuliyoanza nayo. Mwajiri kutoka 25 hadi 10 kuanzia Aprili 1986. Pamoja na hilo, baraza la mishahara likapendekeza mishahara isipande kwa miaka miwili, kodi ya makampuni ikateremshwa kutoka asilimia 40 hadi 33, na ada na pango za mashirika ya umma zikapunguzwa. Machi mwaka huohuo riba ya akiba ya CPF, ambayo kwa zaidi ya miaka kumi ilifungwa kwenye asilimia 6.5, ikaanza kufuata viwango vya mabenki. Hili la mwisho lilipita kimya kimya, lakini kwa mwenye akiba ni pigo la pili.

Nani alikubali, na kwa nini

Tukumbuke uchaguzi wa Desemba 1984. Miezi michache kabla yake, ripoti ya kamati ya waziri wa afya, Howe Yoon Chong, ilipendekeza umri wa kuchukua fedha za CPF usogezwe kutoka miaka 55 hadi 60. Watu waliwaka. Chama tawala, ambacho mwaka 1980 kilipata karibu asilimia 78 ya kura, kiliangukia chini kidogo ya 65. Yaani wapiga kura walikuwa wamesema waziwazi: CPF msiiguse. Mwaka mmoja na ushee baadaye serikali ileile ikaigusa kwa kishindo, na ikasalimika.

Simulizi rasmi husema ni mshikamano wa pande tatu, serikali, waajiri na wafanyakazi. Upo ukweli. Watu walikuwa wanaona majirani wakipunguzwa kazini, na kati ya kukosa mshahara na kukosa sehemu ya akiba, uchaguzi si mgumu. Fedha ya mkononi haikuguswa, na huo ulikuwa ujanja mkubwa wa mpango mzima: anayekwenda sokoni Aprili alikuwa na 750 zilezile za Machi.

Lakini tusijifanye hatuoni jinsi meza yenyewe ilivyokuwa imepangwa. Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, Ong Teng Cheong, alikuwa wakati huohuo Naibu Waziri Mkuu wa Pili. Mtu mmoja anakaa pande mbili za meza. Kwa wengi wetu tuliokulia kwenye nchi zenye historia ya vyama vya wafanyakazi kuwa tawi la chama tawala, picha hii si ngeni.

Ong huyohuyo ndiye mwenye kisa kinachoharibu picha nadhifu. Januari 1986, wiki chache tu kabla ya ripoti ya kamati, aliidhinisha mgomo kwenye kiwanda cha Hydril, kampuni ya Kimarekani ya vifaa vya visima vya mafuta, kwa madai kwamba wanachama wa chama walikuwa wakionewa. Wafanyakazi wapatao sitini walisimama nje ya geti kwa siku mbili. Hawakuwa wengi, lakini mji haukuwa umeona mgomo tangu 1978. Baadaye Ong alieleza mwenyewe kwamba hakuliambia baraza la mawaziri kwa sababu alijua wangemzuia, na kwamba waziri wa biashara alikasirika sana, simu zikipigwa kutoka Marekani kuuliza kulikoni. Suala lilimalizwa haraka na wafanyakazi wakapata walichodai. Mimi nausoma mgomo ule kama bei. Kiongozi aliyekuwa anakaribia kuwaomba watu wake wakubali mishahara isimame na michango ikatwe alihitaji kuwaonyesha, hata mara moja, kwamba anaweza kumfungia mwajiri geti.

Dawa au mvua?

Mwaka 1986 uchumi ulisimama na kuanza kutembea. Mwaka 1987 ulikua kwa karibu asilimia 10, na 1988 kwa asilimia 11 hivi. Waliokosa kazi wakapungua haraka. Ukisoma maelezo ya juujuu, mstari umenyooka: walikata, wakapona.

Mimi sinunui mstari huo mzima mzima. Septemba 1985, hoteli ya Plaza mjini New York, mataifa matano makubwa yalikubaliana kuishusha dola ya Marekani. Yeni ya Kijapani ikapanda kwa kasi, na viwanda vya Japani vikaanza kutafuta kwa kukimbilia. Asia ya Kusini-Mashariki ilikuwa mlangoni. Dola ya Singapore, ambayo hawakutaka kuishusha kwa tangazo, iliteremka taratibu mbele ya yeni na fedha za Ulaya, kwa hiyo walipata unafuu wa sarafu bila lawama yake. Bei ya mafuta ikaporomoka mwaka 1986. Marekani ikarudi kununua kompyuta. Mwenye shamba aliyepalilia kabla ya mvua ana haki ya kujisifu, lakini mvua hakuileta yeye. Kilicho cha haki kusema ni kwamba mvua iliponyesha, shamba lao lilikuwa tayari, na mwekezaji wa Kijapani aliyelinganisha gharama mwaka 1986 aliikuta gharama ya mfanyakazi Singapore imeshuka kwa asilimia 12.

Gharama ya dawa ilibaki kwenye akaunti za watu. Kwa fundi wetu wa dola 1,000, miaka miwili ya kwanza peke yake ni dola 3,600 ambazo hazikuingia, kabla ya riba ya miaka yote ambayo zingelala humo. Na chombo kilichofanya kazi mara moja hakirudi kabatini. Msukosuko wa Asia ulipofika, mchango wa mwajiri ulikatwa tena kutoka 20 hadi 10, kuanzia Januari 1999. Mwaka 2003, mwaka wa SARS, ukakatwa kutoka 16 hadi 13. Kila mara hoja ilikuwa nzuri, na kila mara aliyelipa ni mtu wa miaka ishirini ijayo, ambaye hayupo kwenye kikao. Miaka iliyofuata malalamiko ya wazee wenye nyumba nzuri na akiba nyembamba yakawa mada ya kudumu ya siasa za huko.

Msukosuko wa mwaka 2009 ulipokuja, kamba hiyo hawakuivuta. Rais S. R. Nathan aliidhinisha hadi dola bilioni 4.9 kutoka hazina ya akiba ya taifa, wakachukua kama bilioni 4, sehemu kubwa ikaenda kuwasaidia waajiri kulipa mishahara, na michango ya CPF ikaachwa ilivyo. Hakuna aliyetangaza kwamba njia ya 1986 imezikwa.

Baada ya ule mkato wa kwanza, kiwango kilirudishwa hatua kwa hatua hadi mwaka 1994 kikafika 20 kwa 20, na wakubwa wakasema hicho ndicho kipimo cha muda mrefu. Leo mfanyakazi asiyezidi miaka 55 anakatwa 20, na mwajiri wake anaongeza 17. Ile 25 iliyokuwa kwenye slipu ya Desemba 1985 haijarudi mpaka sasa.